Msafara wa Mafumbo wa Shangazi Uwimana

"Shangazi, kwa nini mafumbo yako huyafichi chini ya mawe, tukayatafuta wenyewe?"

Irakoze aliuliza hivyo akiwa darasa la tatu, miguu inamuuma na nyumba ya kwenda bado haionekani. Shangazi Uwimana alimwambia apenge kamasi atembee.

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, Uwimana aliipumzisha baiskeli yake ya kuuzia dagaa magulioni, akawakusanya watoto wa ukoo pale Kagerankanda na kuwatembeza vijiji vya jirani. Fumbo la kwanza aliwapa mwenyewe. Jibu lilikuwa mtu. Waende kwake, wamwamkie kwa adabu, wamtajie baba yao na babu yao, ndipo awape fumbo la pili. Aliyemung'unya maneno alirudishwa mlangoni aanze upya. Mwisho wa safari kulikuwa na wali kwa kuku, basi hakuna aliyesusa.

"Mwizi anawaibia askari elfu wenye silaha, wala hafungwi." Hilo liliwatoa jasho mwaka ule. Reverien, binamu yake Irakoze, alishikilia kwamba ni panya wa kambi ya polisi. Irakoze ndiye aliyebaini kuwa ni mrina asali, wakatimua mbio hadi kwa Mzee Moses, ambaye aliwakatia sega na kumrudisha Irakoze mlangoni kwa kulimeza jina la babu yake.

Watu hawakukosa la kusema, maana ukoo ule ulifika hapo kama wakimbizi enzi za babu. Nestori, ambaye shamba lake lilipakana na la kina Irakoze bondeni, alisema mkimbizi hata apewe uraia, miguu yake haitulii. Uwimana akamjibu kuwa miguu yake imeshauzoea mlima huu, aliyebaki kuzoea ni Nestori mwenyewe.

Irakoze alipofika kidato cha pili, Nestori aling'oa minyaa ya mpakani, akalima mpaka katikati ya maharage yao. Kisha akapita akieneza kwamba familia ile imekuja juzi tu, shamba waliazimwa, na hakuna anayewajua. Mkutano wa kitongoji ukaitwa. Shamba likienda, chakula cha nyumba nzima kimekwenda.

Krismasi ikafika kabla ya mkutano. Baba yake Irakoze akasema mafumbo mwaka huu basi, watu wasije wakachokozeka. Uwimana alikuwa anajifunga kitenge kiunoni.

"Kaka, tukijificha leo, tumeshahama," alisema, akatoka na watoto.

Safari hiyo haikuwa tamu. Kuna waliowapa fumbo haraka haraka wakichungulia barabarani, na kwa Kuruthumu mfinyanzi mlango haukufunguliwa kabisa, ingawa moshi ulikuwa unatoka. Watoto wakataka kuondoka. Uwimana akawapanga mstari, akawaambia wauamkie mlango.

"Mwakeye, mlango," Reverien akaanza, na wote wakafuata, kila mmoja na jina lake, la baba na la babu, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mto. Zamu ilipomfikia mdogo kuliko wote, ndani mtu alikuwa anacheka. Mlango ukafunguka.

Siku ya mkutano Nestori alisimama kifua mbele akauliza nani hapo anawajua watu hawa. Mzee Moses akainuka, akataja babu, baba, na Irakoze mwenyewe, kisha akasema minyaa ile alimwona babu akiipanda. Kuruthumu naye akasema anawajua mno, huyu Reverien ana deni la chungu alichokivunja. Watu wakaangua kicheko. Wakaendelea kuinuka, mmoja huku, mwingine kule, hata Nestori akakaa bila kuambiwa. Mwenyekiti akaamuru mpaka urudishwe ulipokuwa.

Kesho yake Irakoze na shangazi yake walikuwa bondeni wakichomeka vipande vya minyaa. Irakoze akauliza tena swali lake la zamani, la mafumbo kufichwa chini ya mawe.

Uwimana alishindilia udongo kwa kisigino.

"Haya, hilo jiwe lako ndilo lingesimama jana likakutaja jina?"