Mlinda-Lango Asiye na Ndugu

Mimi na Nyirasafari tunauza sambaza, visamaki vidogo vya ziwani, kwenye meza zilizopakana hapa Gisenyi, na mdomo wake ninaujua. Mteja akitaja tu Goma, ng'ambo ya mpaka, atasimuliwa habari za mama mdogo wa kule, za mabinamu, mpaka za mbuzi wao. Mtoto hana, lakini ndugu anao wa kugawa.

Basi Belyse, binti wa kaka yake, akaja kutusomea hadithi anayotaka kuichapisha. Kuna ufalme chini ya ziwa, samaki wanaoongea, mfalme mwenye ndevu za moto. Mlinda-lango wake anaitwa Nyirasafari! Shangazi mtu akavimba kwa furaha. Belyse akaendelea: "Aliitwa hivyo kwa kuwa alitangatanga duniani, hana mama, hana ndugu."

"We Belyse! Mi niko mutu wa kukosa ndugu?"

"Shangazi, ni mutu mudogo tu mu kitabu. Anafungua mulango, basi."

"Hata wa kufungua mulango alizaliwa!"

Akaanza kusimulia. Mama yake alikuwa akienda Goma kumwona mdogo wake, uchungu ukamshika palepale mpakani. Ndugu wa huku wakakimbia, wa kule wakakimbia. Siku ya kumpa jina, watoto wakaitwa kula na kila mmoja ataje jina, kama desturi yetu. Wa Goma wakataja yao, wa Gisenyi yao, ikawa vita. Mwishowe mmoja, maharage yamemjaa mdomoni, akasema mtoto kazaliwa safarini, aitwe Nyirasafari.

"Donc, basi, jina yangu ni ya kugombaniwa! Kutangatanga wapi? Kupita Goma sijafika." Nikacheka. Yeye hakucheka. "Sina mutoto wa kubeba jina yangu, Belyse. Ile kitabu ndiyo itabeba. Ibebe muzuri."

Maskini, iliniingia mpaka moyoni.

Jumamosi Belyse akarudi na karatasi mpya. Sasa mfalme anamuuliza mlinda-lango, "Wewe ni wa nani?" Naye anaanza kutaja: mama, mama mdogo wa Goma, mabinamu. Anapofika kwa mbuzi, mfalme anakoroma.

"Na mbuzi umeweka!" Nyirasafari alicheka mpaka akashika meza.

"Bado, Shangazi." Belyse akasoma mstari wa mwisho: "'Na binti yangu mmoja, Belyse.'"

Nyirasafari akamvuta kwa mikono ile ile ya samaki, karatasi ikalowa. Mteja akaja kuulizia sambaza. Nikamwuzia mimi, maana mwenye meza alikuwa amembeba mtoto wake.