Mama Mkwe Alikuja Kusikiliza Diski

Mama mkwe wangu alitoka Itaka amevaa kitenge chake cha kanisani, akashuka Vwawa, akaja moja kwa moja kwetu kumsikiliza mumewe, ambaye tulikuwa tumemzika mwaka uliotangulia. Sauti ya mzee ilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye diski ya pili ya kompyuta yangu, ndani ya video ya sherehe ya kumuaga mke wangu alipokuwa anaolewa. Siku ile mama mkwe alishinda nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya wali, na hotuba ya mumewe hakuisikia. Aliambiwa tu kwamba mzee aliongea vizuri. Sasa alitaka kuisikia kwa masikio yake.

Nami nilikuwa nimeshindwa kuipata ile diski.

Ilitoka kwenye kompyuta yangu ya zamani, iliyokufa. Fundi mmoja wa Tunduma alichomoa sehemu ya CD kwenye hii ya sasa, akaipachika diski palepale, nikarudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye roho mbili. Ikafanya kazi vizuri tu. Wiki ile ya ugeni naifungua, naona diski moja. Kumrudia fundi? Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikitumwa Tunduma naaga majirani kama ninayehamia Zambia. Halafu nilijiamini: kompyuta nimeisoma sekondari. Shule haikuwa nayo, lakini mwalimu aliichora ubaoni vizuri sana, mpaka waya.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikaipuliza. Nikaipiga kofi la upole, kama la mtoto aliyesinzia ibadani. Mwisho nikakata shauri kwamba imeingia unyevu, maana mvua za Mbozi huingia mpaka kwenye chumvi. Nikaichomoa diski kwa bisibisi, nikaipeleka kwenye kichanja, nikailaza juani katikati ya kahawa.

Mke wangu alipokuja kugeuza kahawa, akasimama.

"Baba watoto, hii nayo tumevuna lini?"

"Inakauka."

"Ikikauka utaikoboa?"

Akaiokota, akaifuta kwa khanga yake taratibu, akanirudishia. "Humu yumo baba yangu," akasema, na hapo utani ulikuwa umekwisha.

Basi mgeni akafika diski ikiwa bado mkononi mwangu. Kwa desturi yetu, mtu na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja wakatazamana usoni. Yeye akakaa sebuleni, mimi chumbani, pazia katikati, na mke wangu akabeba maneno huku na huku.

"Anauliza kama mzee ameshafika."

"Mwambie yuko njiani."

Akaenda, akarudi anajizuia kucheka. "Anasema hata alipokuwa hai alikuwa hivyohivyo."

Nikairudisha diski mahali pake, na safari hii nikaisukuma mpaka mwisho, ikalia ta. Kumbe mwanzo ilikuwa imelegea tu. Nikawasha, nikabonyeza kitufe cha kuingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Pakaandikwa diski mbili. Nikaweka sikio, nikaisikia ikivuma humo ndani, polepole, kama nyuki wa mbali.

Kompyuta ilipofunguka, bado ikanionyesha moja. Nikaenda kwenye sehemu inayopanga diski zote, na hapo nikaikuta. Ilikuwepo, imejaa, nzima, ila haikuwa na herufi. Ya kwanza ilikuwa na C yake. Hii ilikosa herufi, kwa hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia. Nani aliyeinyang'anya, mpaka leo sijui. Nikabonyeza juu yake, amri zikashuka mstari kwa mstari: badilisha herufi, na chini yake, zimebanana kama abiria, fomati. Yaani futa kila kitu. Nikakiinua kidole, nikakirudisha.

"Nikushike mkono?" mke wangu akaniuliza.

"Shika kabisa."

Tukabonyeza pamoja. Nikaipa E. Mafaili yakamwagika kwenye kioo, picha juu ya picha, na mimi, mtaalamu wa kompyuta ya chaki, nikashindwa hata kujisifu. Diski ni kitu chembamba kuliko sabuni ya kuogea. Humo ndani mvua ya siku ile ilikuwa bado inanyesha, turubai linapigwa na upepo, watu mia wanakula, na wengine wao sasa wako makaburini. Wote walikuwa wananisubiri mimi niwape herufi moja.

Tukaiweka kompyuta kwenye kigoda mlangoni, chini ya pazia, kioo kikitazama sebuleni. Mimi nikabaki na mgongo wa kompyuta.

Mzee akakohoa kwanza, kama alivyokohoa siku zote kabla ya kusema. Akashukuru wageni. Akawatania wakwe, yaani sisi. Kisha akasema:

"Huyu binti mnanisifia mimi bure. Mimi nilikuwa shambani. Aliyemlea yuko wapi? Mwiteni aje asimame hapa, mumwone."

Kwenye video watu wakapiga makofi, mshereheshaji akaweka muziki, na hakuna aliyeinuka kwenda kumwita jikoni. Nilikuwepo. Nami nilipiga makofi.

Mke wangu akazuia muziki kwa kidole. Halafu nyuma ya pazia nikamsikia mama mkwe akiitika, kwa sauti nyepesi ya mwanamke aliyeitwa kutoka ng'ambo ya shamba:

"Abee. Nakuja."

Na kiti kikasogea. Alikuwa amesimama.