Weupe Ulioanzia Bondeni

Asubuhi ile miguu yangu inaikumbuka kuliko kichwa. Nilikuwa nimeolewa karibuni, natembea peku, nimebeba mtungi nashuka kisimani. Nilipofika chini nikakanyaga nyasi zikavunjika chini ya nyayo, na baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikasimama. Bonde zima lilikuwa jeupe. Maharage, mahindi machanga, majani ya maboga, vyote vimefunikwa unga wa barafu. Nikageuka kutazama nilikotoka. Huko juu, ubavuni mwa mlima, palikuwa na kipande kimoja cha kijani, na kipande hicho kilikuwa changu.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu juzi umekuja kutoka Makambako umefura. Miparachichi yako michanga imeungua kwa baridi, ya jirani yako aliyeko upande wa juu imesimama vizuri, na wewe umeshaanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni. Hukusema mengi. Ulisema tu, "Bibi, pale kuna mkono." Neno hilo mimi nililisikia zamani, enzi za Mwingereza, na siku hiyo lilikuwa linanitafuta mimi. Wewe ni mjukuu, lakini nakuita mwanangu, maana baba yako naye alikuwemo katika habari hii. Alikuwa tumboni mwangu.

Usidhani nakukataza kushuku. Mimi mwenyewe ni mtu wa kushuku, wala siombi radhi. Mtu akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka nini. Hata hii chai uliyonikorogea, sukari imezidi, nami nimeshajua kuna jambo. Tuendelee.

Kwetu ni Ukinga, huko juu Makete, mahali ambapo ukitoka nje asubuhi pumzi yako inakutangulia. Niliolewa huku Ubena, karibu na Njombe, katika ukoo wa wakulima, watu wa kanisa. Babu yako Yohana hakukaa. Tulifunga ndoa, tukala sikukuu moja pamoja, kisha akaenda Makambako kudandia lori, akaelekea Tanga kukata mkonge. Nikabaki na mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mwembamba, mchache wa maneno, anayekuagiza kwa kidole. Kiangazi kilipoingia, wanawake wote wakashuka bondeni kulima vinyungu. Unavijua, yale matuta ya chini kwenye udongo mweusi usiokauka. Enzi zile vinyungu ndivyo vilivyotuvusha miezi ya njaa, kabla mahindi ya mlimani hayajakomaa. Kila mke alikuwa na matuta yake. Mimi nikasubiri nionyeshwe yangu. Mama mkwe akanyoosha kidole, lakini hakukielekeza bondeni. Alikielekeza juu, ubavuni, penye mawe.

"Utalima pale," akasema.

Wenzangu wakacheka kwa chini. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu, mgumu, na maji ilibidi niyapandishe kichwani kila jioni. Mimi sikucheka. Nilijua moyoni kwamba mama huyu ananichosha makusudi, nikate tamaa, nifunge mzigo nirudi kwetu. Nikamchukia kimyakimya. Nikamwagilia yale maharage kwa hasira, nayo yakaota kwa hasira hiyohiyo.

Baridi ilikuwa inaelekea kwisha. Watu walishaanza kuacha kuota moto mchana. Ndipo ukaja ule usiku mmoja mtulivu, nyota zimejaa, hakuna wingu wala upepo, na asubuhi yake ikawa hiyo niliyokueleza. Jua lilipopanda, weupe ukayeyuka, na chini yake mimea ilikuwa imeiva kama imemwagiwa maji ya moto. Kufika adhuhuri bonde lilikuwa jeusi. Wanawake walisimama kwenye matuta yao wameshika viuno. Kisha mmoja akainua macho akatazama juu kwenye maharage yangu, na wengine wote wakatazama.

Sasa nikueleze habari ya picha, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini walinishuku haraka namna ile. Mwinjilisti wetu, mzee Zakaria, alikuwa na kalenda kuukuu iliyotoka Ulaya, ameitundika ukutani kanisani. Ilikuwa na mlima. Kileleni mweupe kabisa, na chini yake bonde la kijani na ng'ombe wanene wanakula. Neno theluji limo ndani ya Biblia, na watu walikuwa wanauliza ni kitu gani, kwa hiyo alikuwa anawaonyesha. Theluji, aliwafundisha, hushuka kutoka kwa Mungu, huanzia vileleni, na bondeni hufika mwisho au haifiki kabisa. Hakudanganya. Hata kwetu Ukinga, kwa kuwa ni juu kuliko Njombe, baridi ni kali zaidi. Lakini watu waliichukua ile picha kama sheria.

Shangazi yake Yohana, aliyeitwa Eliza, ndiye aliyelibeba jambo mpaka kwa jumbe wa kijiji. Alikuwa amepoteza matuta mengi kuliko wote, na alikuwa na watoto wengi kuliko wote. Simlaumu kwa kulia. Jumbe naye alikuwa mwoga wa Boma. Tulikuwa tumeambiwa kwamba Serikali humfunga mtu anayemwita mwenzake mchawi, kwa hiyo neno hilo halikutoka kinywani mwa mtu yeyote. Lilikuwa limekaa katikati yetu tu, kila mtu akilizunguka. Badala yake tulisema mkono.

"Jumbe, mimi simtaji mtu," shangazi akasema mbele ya watu. "Nauliza tu. Mwinjilisti ametufundisha weupe wa Mungu huanzia juu. Huu umeanzia bondeni, ukapanda, ukaishia kwenye mpaka wa shamba moja. Mungu huanzia juu. Anayeanzia chini ni nani? Hapo hakuna mkono?"

Watu wakaguna. Mzee Zakaria akatazama viatu vyake. Jumbe akasema kwamba hataki maneno ya Boma, ila nyumba ikiwa na mashaka ni vizuri mgeni akapumzike kwao. Nirudishwe Ukinga, na mtoto akishazaliwa na kuacha ziwa, watamfuata. Alilisema hilo kwa sauti ya upole kabisa, mwanangu. Nilihisi baba yako akigeuka tumboni. Nikamtazama mama mkwe. Alikuwa anatazama ukuta. Nikasema moyoni, haya sasa, amepata alichokitaka.

"Mke wa Yohana, una la kusema?" jumbe akaniuliza, kwa kuwa ilibidi aulize.

"Ninalo, baba," nikasema. "Kwetu ni juu kuliko hapa na baridi ni kali kuliko hapa. Lakini hata huko juu kila mlima una bonde lake, na baba yangu hapandi kitu chini mpaka mvua zikaribie. Usiku wenye mawingu hauna neno, mawingu ni blanketi. Usiku wenye upepo nao hauna neno, upepo unaikoroga baridi. Lakini mbingu ikiwa wazi na hewa ikatulia, baridi inateremka mlimani kama maji, inajaa bondeni. Wekeni bakuli za maji jioni, moja chini, moja katikati, moja shambani kwangu. Mtaona wenyewe."

"Na kwa nini hukutuambia mapema?" shangazi akauliza.

"Nilidhani huku hamna baridi kama ya kwetu. Na hakuna aliyeniuliza."

Jumbe akakubali, nadhani kwa sababu ilimpa nafasi ya kutoamua siku hiyo. Basi ungeona jinsi watu wanavyoaminiana. Shangazi alikataa nisiguse bakuli hata moja. Mimi nikakataa asiziweke zote yeye. Ikaamuliwa ya bondeni aiweke yeye, ya katikati aiweke mzee Zakaria, ya juu aiweke jumbe mwenyewe, na maji yote yatoke mtungi mmoja. Mimi nikalale kwa mke wa mwinjilisti, kitanda kimoja naye, yeye upande wa mlango. Hata huyo nilimshuku. Nilidhani atanisingizia kwamba nilitoka.

Halafu mawingu yakaja. Jioni moja mawingu, jioni nyingine upepo, na kila asubuhi maji yalikuwa maji kwenye bakuli zote. Watu wakaanza kusema Mkinga anatuchezea. Mzigo wangu ulikuwa umeshafungwa, nimeukalia. Nililala nikiomba baridi, mwanangu, mimi niliyekuwa nimeichoka tangu kuzaliwa.

Mwishowe mbingu ikafunguka. Alfajiri wakatuita, tukapanda na kushuka kundi zima, tumejifunga mablanketi. Kwenye bakuli ya juu maji yalikuwa yanatikisika. Ya katikati ilikuwa na utando mwembamba pembeni, jumbe akaugusa kwa kidole ukavunjika. Ya bondeni shangazi aliinama akaipindua, na barafu haikumwagika. Aliibeba mkononi bakuli ikiwa imeinamishwa, anaitazama tu.

Mzee Zakaria akavua kofia. "Ile ya kwenye picha inaanguka," akasema polepole. "Hii haianguki. Hii inateremka ikalala. Nilifundisha moja, mkasikia mbili."

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza hata kutabasamu. Lakini mtu aliyepoteza chakula cha watoto wake haachi kirahisi, na shangazi alikuwa anafikiri.

"Sawa," akasema. "Baridi inalala bondeni, nimeona. Basi alijua. Alijua, akaenda kujipandia juu, akatuacha sisi tupande kwenye barafu. Aliyeleta na aliyenyamaza wana tofauti gani? Mkono ni uleule. Nani alimwambia alime pale?"

Watu wakaguna tena, na safari hii kwa nguvu zaidi, maana lilikuwa swali zuri. Ningesema ni mama mkwe, nani angeniamini? Yeye mwenyewe angekana, nilikuwa na hakika kabisa.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma. Akasogea mbele, akautoa mkono wake ndani ya blanketi, akauinua juu, ule wenye kidole chake cha kuagizia.

"Mkono mnaoutafuta ni huu," akasema. "Ndio uliomwonyesha pale. Nilimpa shamba lile kwa sababu ni baya. Nilitaka achoke, arudi kwao, mwanangu aoe mtu wa hapa. Sikujua habari ya baridi, na yeye hakuchagua. Kama kuna aliyetenda ubaya kwenye shamba lile, ni mimi, na ubaya wangu umeota maharage. Sasa jumbe, nipeleke mimi kwetu."

Kwao mama mkwe ilikuwa nyumba ya tatu kutoka pale, watu wote waliijua. Shangazi akaiweka bakuli chini. Jumbe akasema baridi ni kali, watu waende wakaote moto, na huo ndio ukawa uamuzi wake.

Tulirudi nyumbani tukifuatana, mimi na mama mkwe. Nilikuwa nimemshuku, na nilikuwa nimepatia. Kila nililomdhania alikuwa amelikiri kwa kinywa chake. Lakini sikuwahi kudhani kwamba mtu yuleyule angesimama mbele ya kijiji kizima ajivue nguo kwa ajili yangu. Hilo halikuwamo kabisa katika hesabu zangu, na linaniuma mpaka leo ninapolisema. Tulipofika akanifungulia mzigo wangu, akazikunja upya khanga zangu, akazirudisha mahali pake.

Maharage yale ya ubavuni yalilisha nyumba nyingi miezi ile ya njaa. Shangazi alipelekewa kikapu chake kama wengine. Kiangazi kilichofuata mama mkwe akanijia na jembe begani, akasimama pembeni mwa mawe yangu. "Nipe na mimi kipande," akasema. Nilimpa. Nikajiuliza wiki nzima alikuwa anataka nini.

Kwa hiyo mwanangu, sikwambii uache kushuku, sitaki uwe mjinga. Nakwambia panga foleni. Mahali pawe pa kwanza kushukiwa, shamba lako liko wapi na la jirani liko wapi. Kisha ushuku usiku wenyewe, ulikuwa na wingu au nyota. Kisha ujishuku wewe, kwa nini ulipanda miche chini wakati huo. Mtu mwache awe wa mwisho kabisa. Na ukimfikia, kumbuka kwamba ulichokijua juu yake kinaweza kuwa kweli na bado hujamjua. Rudi Makambako, mbingu ikiwa wazi weka bakuli ya maji kwako, na umwombe jirani aweke yake, mwende alfajiri pamoja. Akikataa ndipo uje tuzungumze.

Mungu akupe miche itakayosimama, na jirani utakayeweza kumgongea mlango. Akuepushe na usiku wa kimya usio na wingu, na ukija, akupe macho ya kuusoma. Wanao wale kutoka juu na kutoka bondeni. Haya, sogea hapa, inamisha kichwa nikubariki. Mkono ni huu.