Tumwombee Wifi Yangu

Fundi huyu wa cherehani wenzake kanisani walimpa jina la Mama Maombi, na lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Lakini siku hiyo maombi yenyewe yalimkimbia. Alikuwa ameshavunja sindano. Alikuwa ameshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, akaufumua, akaurudisha palepale. Alikaa, akasimama, akafagia vipande vya vitambaa, akachungulia barabarani, akafagia tena pasipo na uchafu.

Yote yalianza asubuhi, alipokuja wifi yake, mke wa kaka yake, kuchukua gauni.

"Halijaisha, wifi. Bado upindo."

"Nipe hivyohivyo."

"Kuna nini tena?"

"Mimba iliharibika, nikakwambia wewe peke yako. Kaka yako mwenyewe nilikuwa sijamwambia, natafuta pa kuanzia. Jana kaenda kunyoa, kinyozi kampa pole. Kaniuliza pole ya nini. Ningemjibu nini, wifi?"

"Mimi sikukusengenya, Mungu shahidi. Nilikuombea."

"Kwa sauti? Mbele ya kina mama wote?" Wifi alilikunja gauni na pini zake. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kwangu usikanyage."

Tusemezane ukweli. Kusengenya ni dhambi, kila mtu anajua. Lakini ukianza na "Wapendwa, nina hitaji," ukafumba macho, ukamalizia na amina, basi inageuka huduma. Ndivyo walivyokuwa wakifanya kina mama wa kikundi cha maombi, na Mama Maombi ndiye aliyekuwa bingwa wao. Hitaji lisilo na maelezo liliombewa haraka haraka. Lenye maelezo liliombewa mpaka magoti yakauma.

Mchana kutwa alijitetea peke yake. Wifi ana makuu. Wifi hajui upendo wa ndugu katika Bwana. Lakini kila alipoikanyaga pedali ya cherehani, alikumbuka jinsi chumba kilivyotulia siku ile alipotaja mimba, na jinsi yeye alivyoshusha sauti ili wasogee. Alikuwa ameona raha. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote: wifi yake analia, na yeye aliona raha. Aliona aibu.

Jioni kikundi kilikutana sebuleni kwa katibu wao. Mama Maombi aliombwa afungue. Akapiga magoti.

"Ee Bwana, kama yupo miongoni mwetu aliyeteleza ulimi..."

"Amina!" wakaitikia wote, kila mmoja akimfikiria jirani yake.

Akaisikia hila yake mwenyewe. Akafumbua macho, akaketi.

"Sasa siombi, nasema. Ni mimi. Niliambiwa siri, nikaileta hapa nikaiita hitaji. Nimemuumiza mtu, nyumba yake imeingia moto."

Mmoja akavuta pumzi, mwingine akampapasa mgongo. Katibu akamshika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mpendwa, umefanya jambo kubwa. Tutakubeba katika maombi. Ila tufafanulie kidogo, ili tuombe kwa ufahamu. Ni nani huyo, na hapo nyumbani kwake kumetokea nini hasa?"

Wote walishafumba macho. Vichwa vimeinama upande mmoja, upande wake, kama alivyozoea kukiinamisha chake. Na ile habari ikampanda mpaka kwenye ncha ya ulimi: kinyozi, gauni lenye pini, kaka aliyeuliza pole ya nini. Ilikuwa tamu kuliko ya kwanza, maana safari hii na yeye mwenyewe alikuwamo, akitubu, akilia vizuri.

Akanyanyuka, akaanza kutafuta viatu vyake mlangoni, miguu ikikosea kulia na kushoto.

"Mama Maombi! Hata hatujaanza! Unakwenda kwa nani saa hizi?"

Akafungua mdomo. Akaufunga, akatoka na jina la wifi yake likiwa bado mdomoni.