Dungu Fupi

Mwenzenu nimewakumbuka ndege. Ndiyo, hao hao kweleakwelea niliowalaani tangu nikiwa mtoto. Mpunga ukianza kuingia maziwa, sisi wa bonde hili tunahamia shambani kuamia ndege. Unapanda dunguni, kichanja kirefu cha miti, unapiga kelele kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Nilikuwa nikirudi mjini sauti imekauka, naapa mwakani sirudi. Ningejua!

Sasa moyo wangu umetanuka. Daktari alinieleza bila kunificha: hautarudi kama zamani, tutautunza kwa dawa. Chumvi marufuku, miguu inavimba, nalala nimeegemea mito. Kutoka chumbani hadi uani, hapa hapa nyumbani kwetu Lipangalala, napumzika njiani. Wanaokuja kunijulia hali wanadhani muda wote nawaza kifo. Kifo nakiogopa, siwadanganyi. Lakini ninachokitamani hadi machozi yananitoka ni kukaa juu ya lile dungu, umande haujakauka, mpunga unanukia, niwatukane ndege mpaka mbavu ziniume.

Msimu huu nilimwomba mume wangu anipeleke, hata kwa siku moja tu. Akakataa katakata.

"Dungu lenyewe utalipandaje wewe?"

Nikanuna. Nikamwambia aende zake, na hao ndege wamle na yeye. Akafunga mzigo wake kwenye baiskeli, akaondoka.

Juzi wifi yangu, dada yake, alitoka huko shambani akaniletea kuku. Hata hajakaa sawa, akaanza kucheka.

"Wifi, kaka yangu kachanganyikiwa! Kajenga dungu linaishia magotini. Upande wa mtoni haoni kitu, ndege wanajilia tu. Majirani wote wanamcheka."

Mimi sikucheka. Alipoaga tu, nikampigia mume wangu simu.

"Baba watoto, mbona dungu fupi?"

"Aa, miti imekuwa shida mwaka huu."

"Acha uongo."

Nyuma yake nilisikia ndege wakilia, wengi kwelikweli.

"Nilijisemea ukipata nafuu nikufuate," akasema. "Ungekaa tu, kama unakaa kitandani. Miguu vipi?"

Nikaitazama. Nilibonyeza kwa kidole juu ya mguu, shimo likabaki pale pale.

"Bado," nikamwambia. "Na mpunga?"

"Umeshaanza kuwa njano."

Ukishakuwa njano hausubiri mtu, hilo tunalijua sote wawili. Nilitaka kumwomba msamaha kwa maneno yangu. Badala yake nikasema, "Basi piga kelele, baba, wanatumaliza."

Akapiga, "Hoooya! Hoooya!" hadi simu ikakoroma. Na mimi pale kitandani nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo, nikaitikia. Sauti yangu haikufika hata mlangoni. Yeye akasema, "Wameruka, mama. Wameruka wote."