Chupa ya Ulanzi Niliyoipeleka Bomani

Nikiri mapema, kabla hamjaisikia kwa wengine pamoja na chumvi waliyoitia: ni mimi niliyekwenda bomani Njombe kumtetea mama wa watu, nikarudi nimelewa. Yote yalitokana na uamuzi mdogo, wa chupa moja tu, nao niliufanya nikiwa nimekaa kitandani, blanketi mabegani, maana mimi ni mtu wa nyumbani na safari yangu ndefu ya kawaida huishia kisimani.

Ilikuwa wakati wa vile vita vikubwa vya pili, Waingereza wakawa wamewaleta Wapolandi waliokimbia kwao na kuwaweka kambini Kidugala. Mmoja wao, Mama Helena, alikuwa na kibali cha kuishi nje ya kambi, hapa kwetu Makambako, aoke mikate ya kuuza, na kila Jumamosi alimpelekea mkate mama yake mzee aliyelala mgonjwa kule kambini. Hamira ya dukani ilikuwa imeadimika kwa ajili ya vita, naye akajifunza kuumua unga kwa ulanzi, hii pombe yetu ya mianzi (na Mungu shahidi, mkate wake ulinukia hadi kitandani kwangu). Basi askari mmoja akapita, akachungulia jikoni, akaona mtungi unatoa povu, akaandika: pombe. Mpolandi aliyekutwa na pombe alinyang'anywa kibali, na tulivyosikia, Mama Helena angehamishiwa kambi ya mbali huko, mama yake abaki peke yake Kidugala. Akaja mlangoni kwangu, kwa kuwa mtaa mzima ulimwambia yule pale amesoma sekondari.

"Mkate," alisema kwa Kiswahili chake. "Bwana Kaduma, wewe peleka mkate. Bwana Mkubwa anakula, anajua."

"Mama, sheria haili mkate," nikamjibu (neno hilo lilinipendeza mno, nikalirudia). "Sheria inataka ushahidi."

Ushahidi wangu ulikuwa huu. Ulanzi ukitoka tu kugemwa tunauita mtogwa, ni mtamu kama maji ya sukari na watoto wanakunywa. Ukali huja baadaye. Kwa hiyo nikaandika barua ya Kiingereza, kurasa tatu, kwamba kilichokutwa jikoni ni mtogwa, hakilevi hata mtoto, na kwamba tutauleta mbele ya Bwana Shauri, mzungu wa bomani anayekata mashauri, auonje mwenyewe. Habari ya povu niliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Alfajiri ya siku ya shauri nilikwenda kwa jirani yangu mzee Mligo, mgema, nikanunua mtogwa ukiwa bado na ubaridi wa usiku, nikautia kwenye chupa, nikaiziba kwa gunzi na kuligonga kwa jiwe mpaka likazama.

"Unakwenda nao wapi huo, mwanangu?"

"Safarini, baba," nikasema, sikuongeza neno. Msomi atamweleza nini mgema habari za sheria!

Tukapanda lori la mbao. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, na mimi kwa hofu kwamba chupa ingevunjika nikaitumbukiza kifuani, ndani ya koti langu la sufu, nikaikumbatia toka Makambako mpaka Njombe kama kuku anayeatamia. Lori lilinasa kwenye matope mara mbili, likatutikisa hadi meno yakagongana. Mama Helena alikaa pembeni na kikapu chake mapajani.

"Kama leo Bwana anasema hapana," akaniuliza, "mimi naaga mama lini?"

Nikaikumbatia chupa zaidi.

(Mtu yeyote aliyezaliwa penye mianzi anajua kwamba ulanzi ukitikiswa na kupashwa joto hausubiri jioni. Mimi nimezaliwa penye mianzi.)

Tuliitwa saa nane. Bwana Shauri alikuwa na kikombe cha chai mkononi na barua yangu mbele yake, na yule askari amesimama mlangoni, mkavu kama mti. Bwana Shauri akasoma kwa sauti pale niliposema hakilevi hata mtoto, akaniangalia, akasema, "Haya, tuone." Nikalishika gunzi. Halikutoka. Nikavuta tena, nikasikia kama mtu yumo ndani analisukuma, na kabla sijaamua kulia wala kukimbia, likalipuka paa! Askari akainama, gunzi likagonga dari likarudi mezani, na povu likatapakaa juu ya kurasa zangu tatu, wino ukaanza kutembea. Ofisi nzima ikanuka kilabu.

Askari akasogea, akanusa. "Bwana Mkubwa, huu umeiva. Hata ule wa mtungini haukufika hapa."

"Hakilevi hata mtoto," alisema Bwana Shauri polepole. "Na wewe si mtoto. Kunywa."

Nikanywa, ningefanyaje? Tangu jana yake sikuwa nimetia kitu tumboni kwa wasiwasi, kwa hiyo ulanzi ulipata nyumba tupu. Bwana Shauri akaniuliza jambo, nami nikamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka, nikiinua na mkono. Baadaye askari aliniambia kilikuwa Kibena, lugha yetu ya nyumbani, na nilikuwa nikieleza mpaka wa shamba letu la viazi.

Kisha Bwana Shauri akakivuta kibali cha Mama Helena, akachovya kalamu. Hapo nilitamani sakafu inimeze, maana nilimwona yule mama mgonjwa wa Kidugala, ambaye sijapata kumwona, akingoja Jumamosi.

Mama Helena hakulia. Alifungua kikapu, akatoa mkate aliokuwa amemwokea mama yake, akaumega katikati, akauweka mezani palepale kwenye povu.

"Hii povu," akasema, "mimi nataka hii tu. Unga inapanda. Halafu moto, pombe inakufa, mkate inabaki. Kula, Bwana."

Bwana Shauri alinusa, akachovya kwenye chai, akatafuna. Maishani mwangu sijaogopa taya za mtu kama nilivyoziogopa zile. Akameza. Akamega tena, akampa na askari.

"Huu una pombe?" akamwuliza.

Askari alitafuna kwa aibu. "Hapana, Bwana Mkubwa. Ni mkate."

Kalamu ikaandika: chupa moja kwa siku, iingie kwenye unga asubuhi hiyohiyo, kibali kinabaki. Mama Helena akajifunika uso kwa mikono miwili. Nami nikaambiwa nisimtetee mtu tena humo ndani, nikashukuru, kwa lugha gani sijui.

Niliteremshwa kwenye lori Makambako watu wakiwa wamejaa barabarani, nimeshikwa kwapa na mwanamke niliyekwenda kumwokoa. Tangu siku ile mtu akija na shauri lake naandika anachosema yeye, neno kwa neno, akili yangu nairudisha kitandani. Kesho yake mzee Mligo alikuja kunipa pole, akasikiliza kisa chote, akatikisa kichwa, akasema:

"Mwanamke kashtakiwa kwa pombe, wewe ukampelekea mzungu pombe. Hata mbuzi wangu asingefanya hivyo."