Mtani Aliyeniharibia Alhamisi

Harufu ya wino mbichi mpaka leo inanipandisha hasira. Juzi mwanangu kaleta kitabu cha katuni kutoka dukani, kakifungua mezani, na mimi nikarudi moja kwa moja mtaani kwetu Kanyenye, mbele ya kibanda cha Mzee Kondo, nina miaka kumi na moja na hela ya kitabu kimoja tu.

Vitabu vilikuja kwa treni kutoka Dar, na kila Alhamisi baada ya shule Mzee Kondo alivitandaza juu ya gunia, pembeni ya chupa zake za asali. Vitatu, vinne hivi, vipya. Kuchagua kimoja ilikuwa kazi tosha, jamani, lakini mimi nilikuwa na balaa la ziada. Mzee Kondo alikuwa Mzaramo, sisi Wanyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Na mtani akikuchukulia kitu chako, huruhusiwi kununa.

Basi kila nilichokigusa alikipokonya na kukikalia. "Wewe Mnyamwezi beba mizigo, kusoma tuachie sisi." Watu wanacheka. Nikabuni ujanja: nikitaka cha kijani, nanyoosha mkono kwenye chekundu. Kumbe mwenzangu kashanisoma zamani! Ananiachia chekundu, anakikalia cha kijani. Narudi nyumbani nalia, baba anacheka mpaka anashika mbavu. "Na wewe mtanie!" Mtanie, mtanie! Mimi nilitaka kusoma.

Wakati huo nilikuwa nafuatilia, kwa kuazima shuleni, hadithi ya msichana aliyetumbukia kisimani. Wiki tano yumo mle, kamba imekatika, maji yanapanda, na mimi silali vizuri. Alhamisi ya sehemu ya mwisho sikufanya ujanja wowote, nilikidaka kitabu kwa mikono miwili. Mzee Kondo akakivuta, akakikalia, akanipa cha wacheza mpira.

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikapiga kelele mbele ya wateja wote: "Wewe si mtani wetu! Wewe mwizi tu, na usituzoee!"

Hakuna aliyecheka. Mzee Kondo akainuka taratibu, akakipangusa kitabu kwa kiganja, akanikabidhi. "Samahani, binti," akasema. Kabla ya hapo hakuwahi kuniita binti hata siku moja.

Msichana alitoka kisimani ukurasa wa pili tu, akaolewa. Hovyo kabisa.

Mama aliniambia nikaombe radhi, nikagoma. Nimwombe radhi mtu aliyenionea mwaka mzima? Baba akaenda mwenyewe, akarudi kanywea. Mzee Kondo alikuwa amemwambia, "Mwanao kanikana hadharani. Basi sasa tuheshimiane." Tangu siku hiyo nilichagua nilichotaka, naye alinifungia kwenye gazeti vizuri na kusema karibu tena. Nikadhani nimeshinda, mjinga mimi.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Kwetu, jeneza likitoka nyumbani, mtani ndiye anayesimama mlangoni na kuziba njia. Anamsema marehemu, anaapa kwamba mvivu huyu haendi popote bila ruhusa yake, mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao na kumpa chochote ili apishe. Ndiyo kazi yake. Na ndiyo maana siku nyingine zote anaachiwa akuudhi anavyotaka. Labda niliambiwa, sijui. Kama niliambiwa, sikusikia, nilikuwa nawaza vitabu.

Mzee Kondo alikuja msibani. Alitupa pole mmoja mmoja kwa adabu zote, akanipa na mimi, kisha akaenda kukaa nyuma na wageni. Jeneza lilipoinuliwa, mama alimtazama yeye, halafu akanitazama mimi.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Baba akapita.